Blanketi la Pikipiki

Pikipiki yangu ilikuwa na ugonjwa wa asubuhi. Mchana ukiigusa kiki kidogo tu inanguruma, lakini ikishalala na umande utaikanyaga mpaka goti likulilie, na isikujibu hata kwa kikohozi. Wenzangu wa steji hapa Busia, upande wa Uganda, walizoea kuniona kila nikitoka msikitini, kanzu nimeifunga kiunoni, nimeilaza pikipiki ubavu kando ya barabara, nayo inadondosha petroli chini. Hawakuwa na haya hata kidogo. "Sheikh, mgonjwa ameamkaje leo?" Mimi subira sina, na majibu niliyokuwa nawapa hayamfai mtu aliyetoka kuswali.

Kuilaza ndiyo dawa yetu sisi waendesha bodaboda wa mpakani. Unafungua petroli, unaiinamisha pikipiki mpaka harufu ikupande puani, unaisimamisha haraka, unasema bismillahi, unakanyaga. Ikikubali, unaondoka kabla haijabadili nia. Ikikataa, unarudia. Kuna asubuhi nilirudia mpaka abiria wangu, mama mmoja wa samaki, alishuka akapanda ya jirani, tena akanipa pole kama aliyefiwa.

Nikaanza kuzunguka kwa mafundi. Nikavuka upande wa Kenya, fundi wa kule akafungua tangi, akanusa, akatikisa kichwa. "Hii ni petroli ya Uganda, boss. Mnachanganyiwa na mafuta ya taa." Nikaipeleka Tororo, fundi wa huko naye akanusa. "Hii ni petroli ya magendo, ya Kenya hii. Mnachanganyiwa na mafuta ya taa." Sasa mimi nifanyeje, nichimbe kisima changu cha petroli? Kila mmoja alinibadilishia plagi, akasafisha kabureta, akapuliza chujio la hewa, akanirudishia pikipiki inayong'aa. Kesho yake asubuhi, kimya.

Lililokuwa linaniua ni kwamba pikipiki haikuwahi kuugua mbele ya daktari. Niliipeleka gereji mchana, baada ya kubeba watu tangu asubuhi, injini imeshapata moto. Fundi anaikanyaga mara moja, inawaka, ananitazama mimi kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Ndugu yangu, hii pikipiki nzima. Labda wewe ndiye huna nguvu asubuhi." Maneno hayo yalifika steji kabla yangu, sijui yalipanda gari gani.

Sasa nimtaje mama mkwe wangu, maana bila yeye sina la kusimulia.

Mke wangu ni mtu wa Kisoko, huko Tororo, mtoto wa wakulima, Wakristo walioishi pale tangu babu na babu. Mimi ni wa mjini, kwetu ni watu wa malori na biashara, kila mmoja katokea kwake. Nilipomwoa nilifundishwa mengi, la kwanza likiwa hili: mama mkwe haguswi. Humpi mkono, huli mbele yake, hulali nyumba moja naye, na mkikutana njiani mmoja wenu anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Si chuki jamani, ni heshima, na mama mkwe wangu aliishika kuliko wanawake wote wa kijiji kile. Nikifika, yeye yuko nyuma ya jiko, leso imemshuka mpaka kwenye nyusi. Anakupikia kuku mpaka ulambe vidole, lakini sahani italetwa na mtu mwingine.

Hata kusema hakusema na mimi. Alisema na kuku. Kiswahili chake alikiokota sokoni Busia, alikokuwa akiuza ufuta, kwake "anakula" na "unakula" zote ni "nakula", na akitaka nijue jambo, utasikia sauti kutoka nyuma ya jiko: "Wewe kuku, toka hapo, mgeni nakula sasa." Mvua ikikaribia, anamwambia kuku mgeni aingize viatu. Siku moja alimweleza mbuzi, kwa kirefu, kwamba mgeni amekonda na binti yake ajieleze. Mwanzoni nilikuwa nabana kicheko. Baadaye nikawa nasikiliza kwa hamu, na nikirudi mjini naona kuku wa jirani zangu ni mabubu.

Asubuhi ninayoisimulia, tulikuwa tumekwenda kuzika. Baba mkubwa wa mke wangu alifariki huko Kwapa, na baada ya maziko wanaume wote wa boma, baba mkwe na mashemeji zangu, walibaki kulala matangani. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, miezi haijatimia, akasema mgongo unamsumbua. Nikamrudisha kwao Kisoko. Yeye akalala kwa mama yake, aliyekuwa ametangulia kurudi kwa ajili ya mifugo, mimi nikalala kwenye nyumba ya shemeji, huko pembeni. Mvua ikanyesha mpaka kunakaribia kucha, na pikipiki niliiacha uani, ikaloa yote.

Kulipopambazuka nikasikia mke wangu ananiita kwa sauti ambayo sikuwa naijua. Nilipofika, ameshika ukuta kwa mikono miwili, chupa imepasuka, maji yako sakafuni. Mtoto anakuja kabla ya wakati wake, na pale nyumbani hapana mkunga wala dawa. Kituo cha afya kiko mbali, ng'ambo ya bonde la mpunga. Nikampigia simu bodaboda wa kijiji. Akajibu, "Nakuja." Sisi wa kazi hii tunajua "nakuja" yetu maana yake nini: mtu bado yuko ndani ya shuka. Nikampigia shemeji, simu imezimwa. Nikabaki mimi na yule mgonjwa wa asubuhi.

Nikakanyaga. Nikailaza, nikaisimamisha, nikakanyaga tena. Nikailaza mpaka petroli ikatengeneza kidimbwi kwenye tope, ndipo nikajua nimeiharibu kabisa: nimeimiminia nyingi, plagi imelowa. Nikachomoa spana chini ya kiti, nikaitoa plagi, ikatoka nyeusi na majimaji. Plagi ikilowa hivyo unaichoma moto kidogo, ikauke. Moto uko jikoni, na jikoni yuko mama mkwe.

Nikaiweka plagi chini, hatua chache kutoka mlango wa jiko, nikarudi nyuma, nikageuza uso. "Kuku," nikasema, "mwambie mama hicho kichomwe kidogo, kikauke." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema na kuku. Nikasikia makaa yanachokonolewa. Nilipogeuka, plagi ilikuwa juu ya kipande cha jani la mgomba, inafuka moshi, na sauti kutoka ndani inasema, "Wewe kuku, hiyo chuma iko moto, usishike na mkono."

Nikairudisha kwa kutumia kanzu yangu. Nikakanyaga. Ikakohoa! Wallahi ilikohoa, moyo ukanipanda, kisha ikanyamaza kama haijawahi kuwa na injini. Nikaitukana matusi ambayo sitayaandika. Nikaipiga teke, nikaumia mimi.

Hapo mke wangu akatokea mlangoni, amejikunja, jasho linamtiririka. Alinitazama mimi nilivyosimama kwa mguu mmoja, akamtazama mama yake aliyejibanza nyuma ya jiko, akapiga kelele: "Nyinyi endeleeni kuoneana haya, mimi nakufa hapa!"

Nikasikia sufuria linawekwa chini. Kisha mama mkwe akatoka. Alitoka wazi, kweupe kabisa, akaifungua leso kichwani akajifunga kiunoni, akaja moja kwa moja mpaka nyuma ya pikipiki yangu, akashika keria. Mimi nilikuwa nimeinamisha macho kwa mazoea. Hakusema na mimi hata hapo.

"Wewe pikipiki," akasema, "mimi nasukuma. Wewe shika njia."

Kutoka boma lile kuna mteremko unaoshuka mpaka bondeni, na baada ya hapo ni tambarare na tope la mpunga. Pikipiki ikigoma kwa kiki, huwa inasukumwa: unaweka gia ya pili, unabana klachi, ikishapata mbio unaiachia klachi ghafla na injini inalazimika kuzunguka. Nikapanda, mama mkwe akasukuma. Tukashika kasi, nikaachia, gurudumu likaburuzika kwenye tope, ikasimama. Tukaanza tena. Nyuma yetu mke wangu anashuka polepole, anashika mti huu, anauachia, anashika ule, anapumua kwa nguvu. Tukajaribu tena, ikakohoa, ikafa. Nikatazama mbele, nikaona mteremko umebaki kidogo sana. Ukiisha huo hatuna tena pa kusukumia, na mke wangu atajifungulia kwenye matope ya mpunga, mimi nikimtazama.

"Pikipiki," mama mkwe akasema, na sasa alikuwa anahema, "kwani nataka nini wewe? Nataka mtoto wangu akufe?"

Keria ilikuwa imejaa tope, mikono inateleza. Tulipoanza ule mteremko wa mwisho nikasikia keria imeachwa, na mara nikahisi mikono miwili mgongoni mwangu. Mikono ya mama mkwe, imekaa bapa chini ya mabega, inanisukuma kwa nguvu zote za mtu aliyelima maisha yake yote. Mama yangu mzazi alitangulia mbele za haki nikiwa mdogo. Sikumbuki mara ya mwisho mkono wa mama kunigusa mgongoni. Nikasema bismillahi, nikaachia klachi.

Ikapiga chafya, ikatoa moshi mweupe, ikashika. Nilipiga takbiri bonde zima likasikia, na mama mkwe akapiga kelele kunishinda: "Usizime! Pikipiki, usizime!"

Tukapanda watu watatu. Mimi mbele, mke wangu katikati, mama yake nyuma amemkumbatia, vidole vyake vimefika mpaka kwenye kanzu yangu na kuishika. Mke wangu alikuwa ndiye mpaka wetu siku hiyo, kila mmoja upande wake. Sikuthubutu kupunguza mwendo hata kwenye mashimo, kwa kuogopa itanizimikia. Mke wangu alinitukana kila shimo, na mimi kila tusi nililishukuru, maana yuko hai.

Kituoni mkunga alitoka mbio akampokea, kisha akanigeukia. "Zima hiyo kelele!"

"Sista, nikizima haiwaki."

"Na unataka iwake uende wapi? Mgonjwa si amefika?"

Nikamwambia, je mkishindwa hapa? Aliingia, akakaa kidogo, akarudi na uso uliobadilika. Mtoto amekaa vibaya, akasema. Atajaribu, lakini asipogeuka itabidi Tororo mjini, tena haraka. Akanionyesha lango. "Basi kaa nayo hapo nje. Usizime."

Nikakaa nayo. Nilisimama kando yake, mkono kwenye gesi, nikiilisha kidogo kidogo isilale. Nikatikisa tangi, nikasikia petroli ilivyobaki chini kabisa, maana nyingine niliimwaga mwenyewe uani kwa kuilaza. Nikipunguza gesi, inataka kuzima. Nikiongeza, inamaliza petroli. Nilisoma kila dua ninayoijua, nyingine nilizichanganya katikati. Watu waliokuwa wanakuja kuchanja watoto walinipita wakinitazama, mwanamume aliyejaa tope, kanzu ina madoa ya oili, anaibembeleza pikipiki iliyosimama. Waache watazame. Nilikuwa naogopa kupita nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Kisha mama mkwe akatoka. Leso imerudi kichwani, imeshuka mpaka kwenye nyusi. Akasimama mbali kidogo, ubavu ubavu, macho yake yako kwenye taa ya mbele.

"Wewe pikipiki," akasema taratibu. "Zima sasa. Ni msichana. Wote wako sawa."

Sikuuona ufunguo ulipo, na ulikuwa mbele ya macho yangu. Nilipozima nikakaa chini kwenye majani, nikaegemea gurudumu, nikalia kwa sauti kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Mama mkwe hakuondoka na hakunitazama. Alisimama palepale mpaka nilipomaliza, ndipo akarudi ndani kwa mjukuu wake.

Nilidhani baada ya siku ile tutakuwa tunakaa pamoja na kupiga soga. Wapi! Heshima iliyovunjwa inatengenezwa. Wazee wa boma walicheka sana waliposikia, wakaniambia nilete kitenge na kuku jike, nami nikaleta kitenge kizuri kuliko vyote nilivyovikuta Busia, na kuku mnene asiyeweza kukimbia. Mama mkwe akavipokea kupitia kwa dada wa mke wangu, akarudi nyuma ya jiko lake. Nami nikarudi kuingia migombani tukikutana. Kama ndivyo anavyotaka, nitaingia migombani mpaka nizeeke.

Pikipiki nilikwenda kuilaza kwa fundi wa Tororo, safari hii kulala kweli. Nilimwambia, usiiguse leo, iguse kesho alfajiri, ikiwa ya baridi kama maiti. Kesho yake aliikanyaga yeye mpaka akavua shati. Ndipo akaifungua kwa heshima. Akakuta tapeti za valvu zimekaza, na kwenye kabureta, pale panapokaa choki, pamezibwa na kipande cha ndala, ambacho mara ya kwanza alikipita kwa mazoea. Steji yetu ina imani kwamba choki inakunywa petroli, na pikipiki mpya ikifika, kabla hata nailoni haijatolewa kwenye kiti, choki inang'olewa. Yangu iling'olewa kwa shangwe. Tukaitoa kazini ile iliyowekwa kuiamsha injini ikiwa baridi, kisha kila asubuhi tunamwaga petroli chini na kujiita wajanja! Fundi akarudisha choki, akalegeza tapeti kidogo. Tangu siku hiyo inawaka kwa kiki moja, iwe mvua, iwe ukungu.

Mara ya kwanza tuliporudi Kisoko na mtoto, niliiacha pikipiki uani, nikaenda kulala kwa shemeji. Asubuhi nikatoka, sikuiona. Nikadhani imeibwa. Kumbe iko palepale, imefunikwa blanketi kuanzia usukani mpaka mkiani, na kwenye injini limekunjwa mara mbili, pembeni limebanwa na mawe lisipeperuke. Nililitambua. Ni lile la mama mkwe mwenyewe, lenye mistari, nililoliona mara nyingi limeanikwa, na ambamo mke wangu alilelewa.

Nikataka kwenda kusema kwamba imepona, mama ajifunike mwenyewe, Kisoko ni baridi. Mke wangu akanishika mkono. "Mwache," akasema. "Hawezi kukufunika wewe." Basi nikanyamaza. Kila tukienda nalikuta blanketi, kila asubuhi nalikunja vizuri, nalitundika kwenye kamba karibu na jiko. Miaka imepita hivyo, nami nikijiona namfichia mama mkwe siri kwa wema wangu.

Mwanangu sasa anakimbia, na yeye hana mpaka. Anatoka mapajani mwangu anaenda mapajani mwa bibi yake, anarudi na ndizi mdomoni. Safari iliyopita nilimpa yeye blanketi alipeleke. Nikaiinamia pikipiki nikasema kwa nguvu, ili isikike mpaka nyuma ya jiko, "Pikipiki, mwambie mama asante." Nikakanyaga, ikawaka palepale.

Mwanangu akaingia nalo jikoni. Kisha ile sauti.

"Wewe pikipiki, mimi najua umepona zamani. Nasikia kila asubuhi naamka mara moja." Mwanangu alikuwa anacheka huko ndani, amejiviringisha kwenye blanketi. "Lakini mimi nafunika tu."